Betri ya akiba kwa mnara wa intaneti kilimani: N70, jeli au lithiamu?

fundi_mlalo:
Wakuu, habari za kazi. Naomba ushauri wa betri kwa mnara mdogo wa mita 30 ulio kilimani huku wilaya ya Lushoto. Unahudumia shule mbili, zahanati na nyumba kadhaa bondeni.

Vifaa: redio moja inayovuta intaneti kutoka mjini (lebo inasema wati 12), sekta tatu (redio zinazogawa intaneti kwa wateja) za wati 8.5 kila moja, na rauta MikroTik hEX chini kabatini. Redio zote ni za PoE (umeme unaopita kwenye kebo ya mtandao) ya volti 24, kila moja na adapta yake. Kebo kutoka kabatini hadi kileleni ni mita 45. TANESCO ipo, ila masika ukikatika unaweza kurudi kesho yake mchana.

Kwa sasa kuna UPS ya 650VA. Haimalizi saa nzima, na ikishaisha kabisa haijiwashi umeme ukirudi mpaka mtu apande kubonyeza swichi. Lengo ni betri ishike kwa saa 18. Bajeti ni ndogo. Kuna wanaosema ninunue N70 (betri za gari) mbili na inveta ya wati 500, wengine lithiamu. Pia nimepata ofa ya betri mbili za jeli za 100Ah (ampea-saa) zilizotolewa kwenye mnara wa simu, kwa bei nzuri. Nielekee wapi?

volti24:
Mkuu, kabla ya kuzungumzia betri, futa inveta. Kila kifaa ulichotaja kinakula DC, umeme kama wa betri. Ukiweka inveta unachukua DC ya betri, unaigeuza AC ya 230 kama ya ukutani, halafu adapta tano zinairudisha DC. Kila mgeuzo unakula kama asilimia 15, na inveta yenyewe hata isipobeba kitu inanywa wati 10 hadi 15 usiku na mchana.

Tazama hesabu. Lebo zako zinafika wati 43 hivi pamoja na rauta, ila lebo ni kiwango cha juu. Mzigo halisi huwa karibu na 35. Pima mwenyewe kwa multimita upande wa DC, saa za jioni wateja wakiwa wengi. Kwa njia ya inveta, hizo 35 zinakuwa 41 kwenye adapta, 48 kwenye inveta, na ukijumlisha unywaji wa inveta yenyewe unafika 60. Mara saa 18 ni Wh (wati-saa) 1,080. Kwa DC moja kwa moja, kupitia kigeuzi kimoja cha DC hadi DC, unabaki na wati 38, yaani Wh 685. Zaidi ya theluthi ya betri umeiokoa bila kununua chochote kikubwa.

N70 achana nayo. Ni betri ya kuwashia injini, sahani zake ni nyembamba ili zitoe ampea nyingi kwa sekunde chache. Ukiishusha hadi nusu kila wiki, sahani zinamomonyoka na baada ya miezi unabaki na boksi zito.

Jeli ihesabie nusu tu ya kilichoandikwa. Wh 685 inataka 1,370, yaani volti 24 yenye Ah 57 ikiwa mpya. Kwa kuwa inapungua nguvu kila mwaka, jozi ya 100Ah ndiyo ya kukaa nayo. Lithiamu ya LiFePO4 unaweza kutumia asilimia 85 bila kuiumiza: pakiti moja ya 25.6V 50Ah ni Wh 1,280, unapata 1,088, na kwa wati 38 hiyo ni saa 28. Maana yake pakiti hiyo moja inakaribiana sana na jozi ya jeli za 100Ah. Ukiwa dukani Kariakoo usilinganishe Ah kwa Ah. Gawa bei kwa Wh zinazotumika. Halafu kumbuka mgongo wa atakayepandisha: jozi ya jeli inakaribia kilo 60, pakiti ya lithiamu ni kama 12.

dc_kila_mahali:
Naunga mkono hapo juu, lakini kinachoua mifumo hii mara nyingi ni chaja. Betri inalaumiwa bure.

Kuna pawasaplai zinazouzwa kama "UPS ya DC", zina sehemu ya kuunganisha betri na zinaonekana jibu la kila kitu. Soma karatasi yake kwa makini: nyingi hutoa nusu ampea tu upande wa betri, nyingine ampea moja na robo. Zimekusudiwa betri ya 7Ah ya kengele ya wezi. Ukizifunga kwenye 50Ah, nusu ampea inahitaji zaidi ya saa 100 kuijaza. Umeme ukikatika mara mbili ndani ya wiki, katizo la pili linaikuta betri iko nusu, na mwenye mnara anasema betri ni feki.

Usiku mmoja wa saa 18 unatoa Ah 27 hivi. Chaja ya ampea 5, ukiondoa 1.5 zinazoliwa na mnara wenyewe, inahitaji karibu saa 8 kuzirudisha. Ya ampea 10 inahitaji saa 3 na dakika kadhaa. Kwa mahali ambapo umeme unarudi kidogo na kuondoka tena, chukua ya 10.

Aina nayo ni muhimu. Pawasaplai ya kawaida ikikutana na betri iliyoshuka inavutwa kupita uwezo wake, inajizima na kujiwasha kila sekunde na haichaji lolote. Tafuta inayojizuia yenyewe kwenye ampea zilizopangwa na kuendelea kutoa. Zile chaja za bajaji za umeme nazo hazifai hapa: zikishajaza zinajikata, mnara unaendelea kula betri huku TANESCO ipo.

Volti: kwa LiFePO4 ya 25.6V panga 27.6, basi. Usiipeleke 29.2 iliyoandikwa kwenye lebo. Kwa 27.6 inajaa karibu yote, inatulia, na rauta hEX inayopokea volti 8 hadi 30 haiko kwenye hatari. Kwa jeli panga 27.4, ukipunguza kama volti 0.036 kwa kila nyuzi moja juu ya 25. Kabati la bati linalopigwa jua ndilo adui wa jeli: kila nyuzi 10 za ziada zinakata umri wake nusu. Betri zikae chini kabisa, pawasaplai juu, tundu la hewa chini na lingine juu, vyote viwe na wavu wa kuzuia mijusi na nyigu.

fundi_mlalo:
Shukrani sana wakuu. Maswali mawili. Hizo jeli za mnara wa simu nitajuaje kama zina maisha? Na nikifunga redio moja kwa moja kwenye betri bila hicho kigeuzi, si naokoa pesa?

volti24:
La jeli: usiamini volti za multimita pekee. Betri iliyokufa ikichajiwa inaonyesha 12.9 vizuri tu. Ijaze kabisa, iache saa 12 bila kitu, kisha ifunge taa ya gari ya wati 55. Hiyo inavuta ampea 4.6 hivi. Betri nzima ya 100Ah itaiwasha kwa karibu saa 20 kabla ya kufika 10.5V. Ikifika saa 16 iko ukingoni. Chini ya hapo waachie wenyewe. Pima kila moja peke yake, kwa sababu mbili zikiwa mfululizo na moja ni dhaifu, dhaifu inashuka na kugeuka (chanya inakuwa hasi) chini ya nguvu ya mwenzake, kisha wakati wa kuchaji nzima inapata volti kupita kiasi. Angalia pia ubavu: ukivimba hata kidogo, iache. Na usiwahi kuchanganya kuukuu na mpya.

La kigeuzi: usikwepe. Kebo ya mita 45 ya shaba halisi, kwa mpangilio wa PoE ya 24, ina ukinzani wa ohmu 3.8 kwenda na kurudi. Kebo za bei rahisi ni alumini iliyopakwa shaba, zinafika ohmu 6. Redio ya wati 12 kwenye kebo hiyo ya ohmu 6, chini ukiwa na 24 thabiti, juu inapata 20.5. Betri ikishuka hadi 22, juu inapata 18, na redio inaanza kuzima na kuwaka. Hapo betri bado ina chaji lakini wateja hawana intaneti. Wakati wa kuchaji nako, 27.6 ni nyingi kwa baadhi ya redio za 24. Soma karatasi ya kila moja. Kigeuzi kinachopokea 18 hadi 36 na kutoa 24 isiyoyumba, cha wati 75, kinamaliza pande zote mbili.

Kebo yenyewe ikague: chuna uzi mmoja, ukwangue kwa kisu. Ukiona weupe ndani, ni alumini. Kwenye mnara unaotikiswa na upepo inakatika hata pale penye kiunganishi.

dc_kila_mahali:
Ongeza kifaa cha kukata mzigo volti zikishuka. BMS ya lithiamu (sakiti ya ulinzi ndani ya pakiti) ina mkato wake, lakini huo ni breki ya mwisho. Ikikata, baadhi zinabaki zimelala na ncha za betri zinasoma sifuri, na chaja nyingi zikiona sifuri hazianzi. Hapo mtu anapanda kilima tena, tatizo lilelile la UPS yako. Panga mkato uwe 24.8 kwa lithiamu, na mzigo urudi volti zikifika 26.4. Kwa jeli kata 23.6, rudisha 25.6. Pengo hilo usilibane. Ukikata 24.8 na kurudisha 25, betri ikipumzika inapanda yenyewe, mzigo unarudi, inashuka, unakatika, usiku mzima rauta inawaka na kuzima mpaka mipangilio yake inaharibika.

Fyuzi iwe sentimita 20 hivi kutoka ncha ya chanya, si upande wa pili wa kabati. Ampea 20 inatosha, iwe chaja ya 10 au mzigo wako. Breka lazima iandikwe DC na volti zake. Breka ya AC inategemea mkondo kupita sifuri mara 100 kwa sekunde ili cheche ife. DC haipiti sifuri, cheche inaendelea na plastiki inayeyuka.

baridi_makete:
Naomba kuingilia. Sisi tuko juu kuelekea Kitulo, Juni na Julai asubuhi kuna barafu kwenye nyasi. Lithiamu inafaa?

volti24:
Inafaa kwa masharti. Kutoa umeme haina shida hata nyuzi 20 chini ya sifuri. Kuchaji ndiko hatari: chini ya nyuzi 0 lithiamu inaganda kama metali juu ya grafiti badala ya kuingia ndani. Uwezo huo haurudi, na ukirundikana unaweza kutoboa na kupiga shoti ndani ya seli. Chagua pakiti ambayo BMS yake inazuia kuchaji kwenye baridi, muulize muuzaji akuonyeshe nyuzi zilizoandikwa. Kisha weka betri na rauta kwenye sanduku moja lenye sponji ya sentimita 5 pande zote, lisikalie zege moja kwa moja. Wati 5 au 6 za rauta zinatosha kuliweka sanduku dogo juu ya sifuri alfajiri. Kama huwezi kupata BMS hiyo, huko kwenu jeli ni salama zaidi, na baridi inairefushia umri.

Na wewe, au yeyote mwenye vifaa ndani ya kabati la kampuni ya simu: umeme wao ni hasi 48, yaani chanya ndiyo imefungwa ardhini. Vifaa vyetu hasi ndiyo inagusa bati. Ukiunganisha bila kigeuzi kilichotenganisha pande zake, unapiga shoti kupitia ngao ya kebo.

dc_kila_mahali:
Fundi_mlalo, la mwisho ni kujua umeme umekatika kabla wateja hawajapiga simu. Lisha hEX moja kwa moja kutoka betrini, si kupitia kigeuzi, halafu kwenye System, Health utasoma volti za betri ukiwa nyumbani. Kwa jeli hiyo inatosha: ikishuka chini ya 26.5 ujue TANESCO imeondoka. Kwa lithiamu haisemi mengi, maana kuanzia karibu kujaa hadi imebaki robo volti zinacheza kati ya 26.6 na 25.8 tu. Chukua rauta yoyote kuukuu, ichomeke kwenye soketi ya ukuta bila betri, uipe IP na kuiunganisha na hEX. Netwatch, zana iliyomo ndani ya hEX, iipigie kila dakika. Isipojibu, umeme wa ukutani umekatika na saa zako 28 zimeanza kuhesabika.

fundi_mlalo:
Nimeelewa. Naagiza lithiamu 25.6V 50Ah, pawasaplai ya ampea 10 yenye kujizuia, kigeuzi cha wati 75 na kikata mzigo. Jeli nitazipima kwa taa kwanza. Zikifika saa 16 zitaenda kwenye mnara wa pili wenye redio mbili tu.