Klachi ya pikipiki ya theluji yenye turbo: RPM inashuka nikipanda mlima mrefu

kilele_tu

Wakuu salama? Naombeni mawazo kwenye klachi maana kila ninayemuuliza ananipa jibu lake. Mashine ni 850 (ukubwa wa injini kwa cc) ya mipigo miwili, treki ndefu ya mlimani, turbo nimefunga baadaye haikutoka nayo kiwandani. Aliyenitengenezea programu ya injini anasema nguvu yote iko kwenye RPM 8100 (mizunguko ya injini kwa dakika) nisitoke hapo. Sasa nikibana mafuta yote kwenye theluji ya unga RPM inaruka hadi 8400, inarudi 8100, inatulia kidogo, afu kadri napanda inaanza kushuka yenyewe, 8000, 7900, mpaka 7700 na hapo treki inapoteza kasi na mashine inaanza kuzama. Kingine nikiachia mafuta kati ya miti halafu nibane tena inachelewa sana kuamka. Na nikifungua kava nikishasimama harufu ya beliti naisikia.

Kuna wanaoniambia nipunguze uzito wa vyuma (vile vinavyorushwa nje klachi ikizunguka) kwenye klachi ya mbele, ile ya kwenye injini inayovuta klachi ya nyuma kwa beliti, ili RPM ipande, wengine wanasema niongeze kwa sababu turbo ina nguvu zaidi. Heliksi (kile kipande chenye mteremko wa pembe) na springi ya klachi ya nyuma ni zile zile za tangu mashine haina turbo. Nifuate lipi?

sahani_mbili

Mkuu vyuma viache kwanza, usiguse. Kabla ya yote angalia presha ya turbo wakati RPM inashuka. Kama presha nayo inashuka, au hewa inayoingia injini imepata moto sana na kompyuta ikarudisha taimingi (muda wa cheche) nyuma, basi nguvu imepungua kwenye injini na klachi inafuata tu, utabadilisha springi mpaka msimu uishe na hutapata kitu.

Presha ikiwa imetulia ndo uje kwenye klachi, na hapo usiangalie RPM peke yake, angalia na spidi ya treki. RPM ikipanda huku spidi inashuka, beliti inateleza. RPM na spidi zikishuka pamoja, klachi imepanda gia kubwa kuliko mzigo na imegoma kurudi. Hayo ni magonjwa mawili tofauti na dawa zake hazifanani, watu wengi wanayachanganya.

Na ukisimama, zima injini, fungua kava uguse sahani za mbele na za nyuma haraka haraka (ukiwa na kile kipima joto cha kuelekeza ni bora zaidi). Ya mbele kwa kawaida ina joto kiasi kwa sababu imekaa kwenye injini, lakini ya nyuma ikiwa ndo ya moto kuliko ya mbele ujue ya nyuma haibani beliti vya kutosha. Leta majibu ya hayo matatu.

mpanda_unga

Naongezea la usalama, usifanye hivi vipimo kwenye mteremko mkali wenye theluji mpya iliyojaa juu yako. Mtu akiwa anatune macho yote yako kwenye RPM hatazami kilichoko juu, afu anasimama katikati kufungua kava. Tafuta mlima mrefu wa taratibu, theluji ya kina, usio na kitu cha kuporomoka juu yake, na pa kusimamia pawe mbali na chini ya mteremko. Na kava lisiachwe wazi injini ikiwa inazunguka, beliti ikikatika kwenye 8000 inatoka na nguvu ya ajabu.

kilele_tu

Asanteni sana. Nimepima. Presha imetulia kabisa haijasogea, joto la hewa limepanda kidogo tu. RPM na spidi zinashuka pamoja. Na klachi ya nyuma ndo ya moto, ya mbele naweza kuweka mkono, ya nyuma siwezi.

sahani_mbili

Basi imejionyesha, tatizo ni la nyuma.

Iko hivi. Klachi ya mbele inasukumwa na vyuma, na nguvu ya vyuma inakua kwa mraba wa RPM, wakati springi yake inarudisha. Klachi ya nyuma kazi yake ni kubishana na ya mbele, inabishana kwa springi na kwa heliksi. Heliksi yenye pembe kubwa inabana beliti kidogo na inaacha klachi ipande haraka, yenye pembe ndogo inabana zaidi kwa torki (nguvu ya kuzungusha) ile ile na inarudi chini haraka ukiachia na kubana. Bila turbo injini inapoteza kama asilimia 3 ya nguvu kila mita 300 unazopanda, kwa hiyo ile springi ya nyuma ilipangwa kwa injini ambayo kule juu imeshachoka. Sasa we umeweka turbo, nguvu haijapungua, klachi inapanda mpaka juu kabisa, afu theluji ikikaza hakuna kitu cha kuirudisha. Ndo maana inashuka taratibu hadi 7700 na ndo maana inachelewa kwenye miti, ni ugonjwa mmoja huo.

Kwa hiyo weka springi ya nyuma ngumu zaidi kwanza, hiyo peke yake, upime. Ikisaidia nusu, badilisha heliksi, chukua ya pembe mbili inayoanza kubwa na kumalizia ndogo, mwanzo itaondoka vizuri na mwisho itashikilia. Usibadilishe vitu viwili kwa mpigo maana hutajua kipi kimefanya kazi.

Halafu sikiliza hapa mkuu, nyuma ikishabana RPM itapanda juu ya 8100, labda 8300 huko na itakaa hapo. Hapo sasa ndo unaongeza uzito kwenye ncha ya vyuma vya mbele, gramu moja moja, mpaka irudi 8100. Kwa hiyo waliokuambia uongeze uzito hawakukosea, ila hiyo ni hatua ya mwisho. Waliokuambia upunguze, namba ingepanda kweli kwenye kioo lakini klachi ya mbele ingebana beliti kidogo zaidi na nguvu ya turbo ingeishia kwenye joto badala ya treki.

Ile ya kuruka 8400 mwanzoni iache mwisho kabisa. Ikibaki, ongeza uzito upande wa shina la chuma, karibu na pini, sio kwenye ncha. Shina linaongea mwanzo, ncha inaongea ukiwa umefungua yote.

mpanda_unga

Na kama klachi yako ya mbele ni ya Ski-Doo yenye klika (skrubu za kurekebisha kwa hatua) usikimbilie kutoa vyuma, kila hatua moja ni kama RPM 200 hivi, unamaliza marekebisho madogo palepale mlimani. Polaris we unabadilisha vyuma.

Wenye turbo za kiwandani kama 850 E-TEC Turbo ya Ski-Doo iliyotoka kwa modeli ya 2020 hawapati shida hii sana, ile inashikilia nguvu zake za farasi 165 mpaka kama mita 2,400 na klachi imepangwa hivyo tangu mwanzo. Za kufunga wenyewe lazima klachi ipangwe upya, sioni namna ya kukwepa.

kilele_tu

Nimeelewa vizuri sasa. Swali la mwisho, beliti hii hii naweza kuendelea nayo wakati natune?

sahani_mbili

Hapana. Ikishanuka hivyo imeng'aa pembeni na itateleza, vipimo vyako vyote vitakudanganya. Weka mpya, ioshe kwa maji ya sabuni kabla ya kufunga, sahani uzisugue kwa kitambaa kikali mpaka ile rangi nyeusi ya beliti itoke, afu rekebisha kimo cha beliti kwenye klachi ya nyuma kama kitabu cha mashine kinavyosema. Angalia na bushi na rola za mbele, rola iliyochakaa upande mmoja inakwamisha klachi na we utadhani ni springi. Beliti mpya iendeshe taratibu mwanzoni bila kufungua mafuta yote, ipate moto na kupoa mara kadhaa, ndo uanze na springi.

kilele_tu

Sawa mkuu, naagiza springi na beliti. Heliksi nasubiri kwanza nione springi imefanya nini, namba nitazileta hapa.