Beki wangu hakucheza, benchi nina kiungo mwenye pointi 11, apu ikaniingizia beki mwenye pointi 1. Hii ni haki?

beki_wa_pembeni

Wakuu habari za jioni. Naombeni msaada wenu maana hapa kazini tumeshagawanyika makundi mawili na mimi mwenyewe usiku wa jana sikulala vizuri.

Tuna ligi yetu ya FPL (ule mchezo wa mtandaoni wa kupanga kikosi cha wachezaji wa Ligi Kuu ya England), watu 20, kila mmoja katoa elfu 50, tunacheza ile ya ana kwa ana, yaani kila GW (raundi ya mechi) unapangiwa mtu mmoja mnapimana pointi. GW hii nimepangwa na jamaa anayeongoza ligi kwa hiyo nilikaa chini nikaipanga timu kwa akili zangu zote. Nikaenda na 3-4-3, mabeki watatu, viungo wanne, mastraika watatu. Sasa kati ya wale mabeki watatu mmoja kaumia wakati wa kupasha misuli, jina likatolewa dakika za mwisho kabisa na dedilaini ilishapita zamani, hakugusa nyasi. Hayo sawa, ni ya mpira.

Benchi langu liko hivi: sabu wa kwanza kiungo, wa pili beki ambaye naye hakucheza, wa tatu beki wa milioni 4 niliyemnunua kwa ajili ya kujazia nafasi. Kiungo kacheza dakika 90 (2), kafunga goli (5), timu yake haijaruhusu goli (1), bonasi zote tatu kabeba yeye, jumla 11. Yule beki wa kujazia kacheza dakika 90, timu yake imefungwa goli moja, kala na kadi ya njano, kabaki na 1.

Jumapili nzima na Jumatatu niko na amani kabisa najua nimeshinda, maana sabu wangu wa kwanza ni kiungo na nimemuweka wa kwanza kwa makusudi. Jumanne asubuhi nafungua apu nakuta kaingizwa yule wa pointi 1! Nimemaliza na 54, jamaa 58. Angeingia kiungo ningekuwa na 64.

Sasa maswali yangu, je apu imekosea? Kama kuna mpangilio wa sabu namba moja, mbili, tatu mbona karukwa namba moja? Na la pili, admini wetu anasema hana uwezo wa kugusa pointi za mtu ila baadhi ya wenzangu wanasema tuandike kwenye daftari letu kwamba nimeshinda, wengine wamekataa kata kata. Ninyi kwenye ligi zenu mnafanyaje?

kipa_wa_akiba

Pole sana mkuu, najua inavyouma, lakini apu haijakosea.

Otosabu, yaani sabu inayofanywa na apu yenyewe, inafanya kazi hivi. Mechi zote za GW zikishaisha, kompyuta inaangalia kikosi chako cha kwanza, nani hajacheza hata dakika moja. Akipatikana, inaenda benchi inaanza na sabu wa kwanza inamuuliza mambo mawili: umecheza? na ukiingia mfumo utabaki halali? Mfumo halali maana yake kipa mmoja, mabeki wasiopungua watatu, straika asiyepungua mmoja. Jibu likiwa hapana kwa lolote kati ya hayo anarukwa, anaulizwa anayefuata.

Wewe ulianza na mabeki watatu, mmoja hayupo, umebaki na wawili. Akiingia kiungo unakuwa 2-5-3, huo mfumo haupo. Sabu wako wa pili ni beki lakini hakucheza. Kwa hiyo karukwa wa kwanza, karukwa wa pili, kaingia beki wa tatu. Kwa 3-4-3 yako beki aliyekosekana anazibwa na beki tu, hata ungempanga wa mwisho kabisa.

Sasa angalia, ungeanza na 4-4-2, yule beki wa kujazia awe ndani na straika mmoja akae benchi, beki mmoja akikosa unabaki na watatu, mlango uko wazi, kiungo wako wa pointi 11 anaingia moja kwa moja unakuwa 3-5-2. Au ungebaki na 3-4-3 hiyo hiyo halafu akakosa kiungo badala ya beki, pia angeingia. Na wangekosa wote wawili, beki na kiungo, wangeingia wote wawili kila mmoja upande wake. Ndiyo maana mimi nikicheza na mabeki watatu yule wa nne wa benchi simchukulii wa kujazia, natafuta wa bei ya chini lakini anayeanza kila wiki. Hali ni hiyo hiyo ukianza na straika mmoja, akikosa yeye lazima aingie straika, na kama mastraika wako wa benchi hawachezi unabaki na watu kumi.

Kipa yeye ana foleni yake peke yake, kipa anaingia kwa kipa basi.

mzee_wa_kibandaumiza

Mchangiaji hapo juu kamaliza kila kitu kuhusu mfumo, mimi naongezea kitu ambacho kimeniumiza zaidi ya hicho: dakika moja.

Ili sabu wako aingie, mchezaji wako lazima awe na sifuri kabisa. Akiingia dakika ya 89 anapata pointi 1 na huyo kashacheza, benchi lako lote limefungwa. Mwaka juzi niko kibandaumiza, banda la kuangalizia mpira, nimebanwa na watu pale mbele karibu na runinga, kepteni wangu (yule ambaye pointi zake zinazidishwa mara mbili) kaanzia benchi, na vaisi wangu, yaani kepteni msaidizi, mechi ya mchana kashafunga mawili. Maana yake kepteni asipocheza, pointi za vaisi zinazidishwa mara mbili. Dakika ya 80 jamaa kakaa tu, 85 kakaa, mimi moyo unadunda. Dakika ya 87 kamera inamwonyesha anavua bibu, kocha kamshika bega anamnong'oneza, nikasema basi. Kaingia, kagusa mpira labda mara mbili, kaniachia pointi 1 ikazidishwa ikawa 2, na mabao ya vaisi yakabaki bila kuzidishwa. Nilitoka nje kabla ya filimbi.

Halafu wengi hawalijui hili, hata mchezaji aliyekaa benchi bila kucheza dakika hata moja, akila kadi pale pale benchi kwa kumzonga mwamuzi, anahesabika kacheza. Kwa hiyo unapata hasi moja ya njano na sabu haingii. Sheria inasema kucheza ni dakika moja au kadi.

Kwa hiyo ukisikia kocha anasema "anarudi taratibu kutoka majeruhi", huyo ni hatari kuliko aliye nje kabisa. Aliye nje anakupa sabu, anayerudi taratibu anakupa dakika nane.

shagz_fc

Salamu kutoka Kenya wadau. Mimi naongezea upande wa kepteni na saa.

Mnakumbuka 7 Desemba 2024, Everton na Liverpool pale Goodison Park, ile dhoruba ya Darragh? Mechi ilikuwa ndio ya kwanza siku hiyo na waliiahirisha asubuhi hiyo hiyo. Dedilaini ilikuwa saa nane mchana saa zetu, kwa hivyo aliyekuwa na simu na bando aliwahi kumtoa Salah ukepteni. Mimi nilikuwa shagz, yaani kijijini, kwa matanga, netiweki ya kubahatisha, nimeona habari saa tisa na watu wameshamaliza kuzika. Bahati yangu vaisi wangu alikuwa wa timu ingine, akachukua ukepteni, na Salah akatolewa akaingia sabu. Lakini binamu yangu aliweka kepteni Salah na vaisi pia wa Liverpool. Wote hawakucheza, kwa hivyo hakuna mtu alizidishiwa. Sabu waliingia ndio, lakini sabu haingii na kitambaa cha ukepteni. Hiyo mechi ilikuja kuchezwa 12 Februari 2025 ikaisha 2-2, pointi zikaenda GW24, GW15 haikupata kitu.

Tangu siku hiyo kepteni na vaisi siwaweki mechi moja, hata kama hiyo timu inacheza na nani.

Na chungeni saa. Dedilaini ni dakika 90 kabla ya mechi ya kwanza. Uingereza wanasongesha saa yao, sisi hatusongeshi. Mechi ya Jumamosi ya saa sita na nusu kwao, dedilaini yake kwetu ni saa nane mchana wakati wa baridi yao, lakini wakishasongesha saa mwisho wa Machi inakuwa saa saba. Kila mwaka kuna mtu kwa ligi yetu anafika saa saba na nusu akidhani ana nusu saa.

mbeba_maboksi_texas

Nimesoma hadi hapa naona swali la pili la mleta mada halijajibiwa, la daftari, na hilo ndilo nalijua vizuri maana niko Marekani, na huku tunacheza fantasi ya NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, na wenzangu wa kazini.

Ligi yetu haina otosabu. Mchezaji wako asipocheza unapata sifuri na hakuna anayeingia. Orodha rasmi ya wasiocheza inatolewa dakika 90 kabla ya mechi, ukiiona unambadilisha mwenyewe, lakini sisi Jumapili wengi tuko zamu, simu iko kwenye loka. Watu walikuwa wanapoteza mechi kwa sababu wako kazini wanatafuta riziki, ikaleta maneno mengi. Tukakaa KABLA ya msimu tukaandika sheria yetu: mwenye wasiwasi na mchezaji wake anaandika kwenye grupu jina lake na jina la mbadala, kabla mechi ya yeyote kati yao haijaanza. Mbadala lazima awe wa nafasi ile ile, kotabeki kwa kotabeki. Inatumika tu kama mchezaji katajwa rasmi kwenye orodha ya wasiocheza. Aliyeumia mchezo wa kwanza kabisa wa mechi, huyo kacheza, pole yako. Na mwenye timu ambayo wiki hiyo haina mechi haruhusiwi, maana ratiba inajulikana toka mwanzo wa msimu. Kamishna, yaani msimamizi wa ligi yetu, anabadilisha kwa mkono.

Inafanya kazi, lakini angalia, kila kitu kinaandikwa kabla matokeo hayajajulikana. Ninyi mnataka kuandika baada ya kuona kiungo ana 11. Ndugu yangu, na mimi ningekuwa yule jamaa mwenye 58 nisingekubali, na ungekuwa wewe usingekubali. Kama mnataka sheria yenu ya daftari jadilini msimu ukiisha, wote 20 mkubaliane, ianze msimu ujao. Matokeo haya yaacheni.

beki_wa_pembeni

Wakuu nawashukuru sana, kweli nimeelewa. Nilikuwa naamini namba moja ni namba moja tu, sikujua anaulizwa na mfumo kwanza. Nimemwonyesha admini uzi huu na jamaa aliyenifunga nimempigia simu mwenyewe nikamwambia kashinda kihalali, nimemuomba radhi kwa maneno niliyoandika kwenye grupu Jumanne asubuhi, kapokea vizuri.

Yule beki wa kujazia namuuza wiki hii, nina transfa moja ya bure. Swali la mwisho, nikitumia Bench Boost (ile ya kuhesabiwa pointi za benchi pia) halafu beki wa kwanza akakosa tena, inakuwaje?

kipa_wa_akiba

Wote 15 wanahesabiwa, kwa hiyo hakuna wa kumwingia mwenzake. Aliyekosa anabaki na sifuri, kiungo wako wa benchi anakupa 11 zake bila kuuliza mfumo. Ila kepteni na vaisi wanabaki vile vile, kepteni asipocheza vaisi anachukua. Na transfa hiyo moja kama huna haraka unaweza kuitunza, zinalimbikizwa mpaka tano. Mimi lakini ningemuuza huyo beki leo.