Mrejesho: ripoti zangu za mafunzo kwa vitendo, ustawi wa jamii

Wakuu, nimerudi. Mimi ndiye yule wa mwaka wa 2, shahada ya ustawi wa jamii, niliyelia kwamba ripoti zangu zinarudishwa kila wiki na wino mwekundu: "Umesimulia tu. Wewe ulihisi nini?"

Asanteni sana. Aliyesema niandike siku hiyohiyo, kabla kumbukumbu haijapoa, ameniokoa. Nikachora safu tatu: alichosema mteja, nilichosema mimi, nilichohisi. Hiyo ya tatu ndiyo iliyoniumbua. Mama mmoja alinyamaza, nami nikamrukia na swali jingine papo hapo; kumbe ukimya ulinitisha mimi, si yeye. Msimamizi alizungushia duara sehemu hiyo na ripoti haikurudi.

Ekomapu nayo, ule mchoro wa mteja na watu wanaomzunguka, alioubuni Ann Hartman mwaka 1975, ilifaa. Mstari mnene, yaani uhusiano imara, ulikwenda kwa jirani mmoja tu. Kwa ndugu wote, nukta nukta, yaani uhusiano dhaifu.

Kilichofeli: ule ushauri wa kutobeba kesi hadi nyumbani. Bado nazibeba, hasa usiku. Na somo la takwimu nimekamata sapu (mtihani wa marudio), ila hapo msilaumiane, ni uzembe wangu.