Naombeni ushauri: gari ya umeme na kituo cha kuchaji ni kimoja tu

Mpangaji_Paking2
Wakuu habari za saa hizi. Nataka kuchukua Nissan Leaf iliyotumika, betri uniti 40. Nakaa pembeni ya mji, kazini kwenda na kurudi ni kilomita 60, mimi ni mpangaji na paking ni ya wote. Huku kituo cha kuchaji ni kimoja tu, kwenye paking ya supamaketi, soketi mbili. Jana nikaenda kukaa pale saa nzima nione hali, soketi moja kioo kimezima kabisa, ya pili mbele yake kuna gari ya petroli imepaki, akaja dada mmoja gari yake imebaki asilimia 9 akazunguka mara mbili akaondoka. Iliniuma, maana nilijiona mimi pale na watoto siti ya nyuma. Ninunue au nisubiri?

FundiWaya
Mkuu usianze na kituo, anza na hizo kilomita 60. Leaf inakula kama uniti 16 hadi 18 kwa kilomita 100, kwa hiyo wewe kwa siku ni uniti 10 au 11 hivi. Soketi ya ukutani ya ampia 10 inatoa kama kilowati 2.3, masaa matano sita gari ikiwa imelala umesharudisha. Muombe mwenye nyumba uvute laini ya peke yake toka kwenye meinswichi, iwe na breka yake na ethi, na sabumita, yaani mita ndogo ya kwako, ulipe ulichotumia. Ila nakusihi, ekstensheni hapana. Niliitwa nyumba moja waliacha waya umezungushwa kwenye rili wakachajia usiku kucha, asubuhi mizunguko ya ndani imeyeyuka imeshikana kama nta, na ukuta wa pili watu walikuwa wamelala.

MamaLeaf
Anachosema fundi ni kweli kabisa. Mimi naongeza plagi. Leaf kwenye chaja ya haraka inatumia plagi ya Kijapani inaitwa CHAdeMO, na vituo vingi vipya vinaweka plagi nyingine, CCS2, unaweza kukuta kituo kinafanya kazi lakini plagi haiingii. Zilizotoka Japani nyingi upande wa chaji ya kawaida plagi yake ni aina ya Type 1, kituo kikiwa cha Type 2 utahitaji kebo yake. Rudi pale supamaketi upige picha hizo soketi kabla hujalipa hela ya gari. Halafu angalia PlugShare, app ya kutafutia vituo vya kuchaji, soma tarehe za waliochaji mwisho, usiangalie ramani peke yake.

Dereva_wa_usiku
Mwenye nyumba akikataa, na kazini hakuna pa kuchomeka, usinunue kwa sasa ndugu. Kutegemea soketi moja inayofanya kazi mtaa mzima utateseka.

Mpangaji_Paking2
Asanteni sana, kumbe nilikuwa nahesabu vituo badala ya kilomita. Mwenye nyumba nimeongea naye jioni hii, hajakataa, anachoogopa ni moto. FundiWaya nikimletea fundi aje apime laini mbele yake, nimwambie apime nini na nini?

FundiWaya
Ukubwa wa waya unaotoka kwenye mita, ethi kama inafanya kazi kweli, na mzigo wa nyumba nzima saa za jioni watu wakipika. Mwenye nyumba awepo aone namba mwenyewe.