Wakuu, nimekariri taa za dubwi, ile mashine ya kamari ya sarafu. Niingie na hela yote au nianze kidogokidogo?

Mbagala Kizuiani: Habari za jioni wakuu. Zamani runinga ya CBS ya Marekani ilirusha mchana kipindi cha shindano la pesa, Press Your Luck, 1983 hadi 1986 kikafa. Mwaka 1984 dereva wa gari la aiskrimu wa Ohio, Michael Larson, aliondoka na dola 110,237. Alirekodi vipindi nyumbani akagundua taa za ubao wa mchezo zinapita njia tano tu zinazojirudia. Nami nimekaa wiki tatu mbele ya dubwi la kijiweni, taa zinajirudia. Nina laki nane. Ushauri tafadhali.

Kisiki: Hela ya nani?

Mama Twins: Dubwi lilimla shemeji yangu mpaka pikipiki ya tajiri wake. Sasa hivi anauza maji stendi na bado anaota picha ya tikiti ya kwenye dubwi.

Fundi Redio: Ubao ule ulikuwa na visanduku 18. Cha 4 na cha 8 havikuwahi kuwa na Whammy, yule katuni anayekufilisi. Larson alizisimamisha taa mwenyewe kwa kitufe. Hilo lako unalisimamisha?

Mbagala Kizuiani: Linajisimamia. Ila nimeshalizoea.

Kisiki: Nimeuliza hela ya nani.

Mbagala Kizuiani: Ya kikoba, mimi ndiye mtunza hazina. Tunagawana Desemba, nitakuwa nimesharudisha. Laki mbili nimeshazigeuza sarafu, zipo kwenye ndoo chini ya kitanda, kwa hiyo msinihukumu.

Ustaadhi wa Tandika: Kamari ni haramu, hata ukishinda.

Chumvi Nyingi: Chai hii, na tangawizi juu. Laki mbili ni sarafu 1,000 za mia mbili. Nani kakupa?

Mbagala Kizuiani: Makonda, wiki nzima. Wanakata kumi kwa mia.

Chumvi Nyingi: Basi umeshaliwa kabla hujacheza 😂

Fundi Redio: Hata CBS walimlipa kwa sababu hakuvunja sheria, wakaongeza njia za taa. Baadaye alijaza nyumba noti za dola moja moja akisaka noti yenye namba iliyotajwa kwenye shindano la redio. Wezi wakaingia, wakazoa maelfu. Umenielewa?

Mbagala Kizuiani: Nimekuelewa mkuu. Ndoo nimeihamishia jikoni.