Cobb, Wagner au Joe Jackson: nani mpigaji bora kabla ya 1920?

Mpenda_Takwimu: Wakuu, nimezama kwenye besiboli ya Marekani ya zamani, kabla Babe Ruth hajaanza kuvusha mipira uzio kila siku. Nimebaki na watatu: Ty Cobb wa Detroit, Honus Wagner wa Pittsburgh na "Shoeless" Joe Jackson. Mnampa nani? Nataka hoja, ushabiki wekeni pembeni.

Mzee Rungu: Cobb, wala usihangaike. Misimu 24, kuanzia 1905 hadi 1928, wastani .366. Yaani katika nafasi 100 za kupiga, anapata pigo safi 36 au 37. Siku hizi mtu akifikisha 30 anaitwa nyota. Halafu uangalie mpira wenyewe waliokuwa wanapiga: uleule mmoja unakwenda nao muda mrefu, umelegea, mweusi kwa matope na tumbaku, na mrushaji kuupaka mate ilikuwa ruksa. Ukitumia nguvu tu unaishia mikononi mwa mlinzi. Cobb alishika rungu viganja vikiwa vimeachana, akausukuma mpira penye mwanya, mengine akaiachia miguu. Mwaka 1909 aliongoza ligi yake kwa homurani 9 (pigo la mpigaji kuzunguka besi zote) na hakuna hata moja iliyovuka uzio. Zote alizunguka besi mbio mpira ukiwa bado uwanjani!

dada_Z: Hiyo 1909 mbona umeikatia njiani? Fainali mwaka ule ilikuwa Detroit na Pittsburgh. Cobb kijana wa miaka 22, Wagner ana 35. Cobb akapiga .231, Wagner .333 na kuiba besi 6, yaani kukimbilia besi inayofuata bila kusubiri mwenzake apige. Pittsburgh wakachukua kombe, mechi 4 kwa 3. Na Wagner huyo alikuwa analinda kati ya besi ya pili na ya tatu, kazi ya watu wepesi, huku akiwa na ubingwa wa upigaji mara 8.

Mzee Rungu: Mechi saba, dada yangu. Saba!

Pamba_Nyeupe: Mnampita Jackson kama hayupo. Mtoto wa viwanda vya pamba vya South Carolina, hakujua kusoma wala kuandika. 1911, msimu wake wa kwanza kamili, alipiga .408 na bado akakosa ubingwa kwa sababu Cobb alikuwa juu yake. Bahati mbaya gani hiyo?

Mpenda_Takwimu: Na ile kesi ya fainali ya 1919, yeye na wenzake wa Chicago kudaiwa kuhongwa ili wafungwe makusudi?

Pamba_Nyeupe: Alikiri mbele ya baraza la mahakama kwamba alipokea dola 5,000. Lakini fainali yenyewe alipiga .375. Mahakama ikawaachia huru 1921, kesho yake Landis, kamishna wa besiboli, akawafungia maisha. Kifungo kimeondolewa 2025, mwenyewe kafa tangu 1951. Mimi sisemi hana hatia, nasema rungu lake halikudanganya.

Karani wa Zamu: Namba za Cobb nazo msizibebe kama msahafu. 1910 alikuwa anagombea ubingwa wa upigaji na Nap Lajoie wa Cleveland, na mshindi anapewa gari na kampuni ya Chalmers. Siku ya mwisho kocha wa St. Louis, waliokuwa wanacheza na timu ya Lajoie, alitaka Cobb akose, akamwamuru mlinzi wa besi ya tatu arudi nyuma kabisa. Lajoie akawa anagusa mpira taratibu na kukimbia. Mapigo 8 siku moja! Kocha akafukuzwa, kampuni ikaona isiwe taabu, ikatoa magari mawili. Miaka ya baadaye ikabainika mechi moja ya Cobb ilihesabiwa mara mbili. Ndiyo maana huku utaona mapigo 4,191, kule 4,189.

dada_Z: Na tangu 2024, takwimu za ligi za Weusi, za enzi za ubaguzi, zilipoingizwa rasmi, wastani wa juu kabisa ni wa Josh Gibson, .372. Cobb ni wa pili.

Mzee Rungu: Gibson ni wa miaka ya 1930, mada ni kabla ya 1920. Kura ya kwanza ya Jumba la Magwiji wa besiboli, 1936, wapo waliowaona kwa macho: Cobb kura 222 kati ya 226. Ruth mwenyewe 215.

dada_Z: Na Wagner je?

Mzee Rungu: 215.