Tambi za rameni zinalainika na supu inageuka uji: nakosea wapi?

Swali

Habari zenu ndugu zangu. Kwa majuma matatu sasa najaribu kupika rameni ya Kijapani nyumbani bila kununua tambi za paketi, na kila mara naangukia palepale. Natumia unga wa ngano wa chapati, naukanda kwa maji, chumvi na mayai mawili, nausukuma na kuukata mwembamba, kisha natumbukiza tambi moja kwa moja katika supu ya mifupa ya kuku inayochemka. Baada ya dakika tano supu imekuwa nzito, rangi yake ya kijivu, na tambi hazishikiki hata kwa uma. Naomba mwenye uzoefu anielekeze.

Jibu la kwanza

Ndugu yangu, mayai yamekupoteza, kama yalivyotupoteza wengi kwa sababu ya ile rangi ya njano. Njano ya rameni hutokana na kansui, yaani maji yenye kaboneti ya sodiamu na ya potasiamu, ambayo pia huukaza unga ili tambi zivutike na zisilegee upesi ndani ya supu. Kwa kuwa kansui haipatikani kirahisi, chukua soda ya kuokea (si ile hamira ya unga), itandaze kwenye sinia na uiweke katika oveni yenye nyuzi 120 kwa saa moja. Itatoa mvuke na hewa ya ukaa, uzito wake utapungua kwa zaidi ya theluthi moja, na itakayobaki ni kaboneti ya sodiamu. Usiishike kwa mikono mitupu, kwani huwasha ngozi.

Kwa gramu 400 za unga wa mikate, ambao una protini nyingi, yeyusha gramu 4 za soda hiyo na gramu 4 za chumvi katika mililita 150 za maji. Usishtuke ukiona donge halishikani, bali limekaa chengachenga kama makombo ya mkate, na usithubutu kuongeza maji. Lifunike kwa saa moja, likandamize, kisha lipitishe kwenye mashine ya kusukumia. Kwa mti wa chapati inawezekana, lakini mabega yatakuuma hadi kesho yake.

Jibu la pili

Hayo ya soda ni kweli, ila mimi kosa kubwa naliona katika kutumia sufuria moja. Tambi huchemshwa peke yake katika maji mengi yasiyo na chumvi, kwa dakika moja hadi mbili tu, zikakung'utwa vizuri ndipo zikatiwa katika bakuli lenye supu. Ukizipika ndani ya supu, wanga wote unabaki humo.

Kuhusu ule ukijivu, chemsha mifupa kwa dakika chache, mwaga maji hayo na uoshe damu iliyogandia. Baada ya hapo amua unataka supu ya namna gani. Inayotokota polepole bila kuchemka hutoka angavu; inayochemka kwa nguvu kwa saa nyingi, hasa ukiongeza miguu ya kuku, huchanganya mafuta na utomvu wa mifupa ikawa nyeupe kama maziwa. Wewe ulisimama katikati.

Supu yenyewe usiitie chumvi. Chumvi hukaa katika tare, kiungo cha soya sosi kinachotangulia katika bakuli, kama mililita 30 kwa mililita 300 za supu. Wajapani hutumia pia niboshi, dagaa waliochemshwa na kukaushwa, na dagaa wa Unguja huandaliwa karibu vivyo hivyo. Watoe vichwa na matumbo, la sivyo supu itakuwa chungu.

Jibu la tatu

Je, magadi ya kienyeji tunayotia kwenye makande hayafai? Yangenipunguzia kazi ya oveni.

Jibu la kwanza tena

Nimeyajaribu. Fungu moja lilikuwa kali hadi tambi zikanuka sabuni, jingine halikufanya lolote, na yote mawili yalikuwa na mchanga. Nguvu yake haipimiki.

Muulizaji

Ahsanteni sana. Jana nilitumia soda iliyookwa na sufuria mbili, na kwa mara ya kwanza tambi zilibaki imara hadi mwisho wa bakuli. Supu bado si nyeupe, maana gesi iliisha katika saa ya tatu.